Stesheni wagoni ya familia: ununue ipi, na kilomita zake uziamini vipi

Carina Ti yetu ilifika mahali kila Jumamosi inalala gereji. Leo rejeta, wiki ijayo shokapu, wiki inayofuata fundi anapiga simu kwa sauti ya mtu anayekuja kutoa pole. Mama watoto akasema basi, na mimi nilishachoka kabla yake. Hatukuwa na mahitaji ya ajabu: watoto watatu kiti cha nyuma, bibi yao mara moja moja, na buti ya kumeza mabegi ya Desemba kwenda Moshi na mikungu ya ndizi ya kurudi nayo. Noah tuliiona kubwa mno kwa foleni za Dar. Harrier, bei na mafuta vikatukatisha tamaa. Tukabaki na stesheni wagoni, gari la chini lenye mgongo mrefu, ambalo wengi hulidharau kwa sababu halina sura ya tajiri.

Nimezunguka yadi na nyumba za watu miezi mitatu. Mpangilio utakaousoma hapa ni wa baba mwenye mshahara wa kawaida. Anayetaka gari la kugeuza shingo za watu atapanga vingine.

Kabla ya jina la gari, kilomita

Dalali yeyote ataanza na wimbo mmoja: "Bosi, hii haijatembea." Yadi moja nilionyeshwa Fielder rangi ya fedha, dashibodi inasoma kilomita 41,000, bodi inang'aa hadi unaona mawingu. Nikakaa kwenye kiti cha dereva bila kuwasha. Raba ya pedali ya breki imelika kona moja, chuma kinachungulia. Usukani juu umekuwa mlaini kama sabuni iliyotumika. Ukingo wa kiti upande wa mlango umebonyea, alama ya mtu aliyepanda na kushuka maelfu ya mara. Nikafungua mlango nikatafuta stika ya kubadilishia oili; Wajapani huibandika kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu: 27, na mbele yake 118,000.

Hiyo 27 ni mwaka wa Heisei. Ongeza 1988, unapata 2015. Yaani mwaka 2015 gari lilikuwa limeshapita laki moja, na sasa, miaka kadhaa baadaye, limerudi 41,000. Nilipomwuliza dalali, akasema stika ni ya gari jingine. "Ya gari jingine imefuata nini humu?" Akawa na simu ya haraka ya kupokea. (Stika za kuanzia Mei 2019 hutumia Reiwa. Hizo unaongeza 2018, kwa hiyo Reiwa 3 ni 2021.)

Kama unaagiza mwenyewe, una silaha bora kuliko stika. Gari la abiria Japani hukaguliwa na serikali miaka 3 baada ya kusajiliwa, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Cheti cha kuliuza nje hubeba usomaji huo. Omba nakala yake pamoja na karatasi ya mnada, ile ripoti ya hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani, kabla ya kulipa, si baada. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni gari safi. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayekutumia picha ishirini za rimu lakini karatasi ya mnada "imepotea", achana naye.

Kwa gari la mkononi, lililotumika hapa hapa, karatasi hizo mara nyingi hazipo tena. Usidanganywe na namba ya usajili ya herufi E. Herufi hiyo inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haina uhusiano na mwaka lilipotengenezwa. Nimeona namba E ya gari la 2007. Angalia lebo ya mkanda wa kiti, mara nyingi ina mwaka. Angalia tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Na hata kilomita chache zikiwa za kweli, usikimbilie kushangilia. Gari la miaka 10 lenye kilomita 40,000 limetembea wastani wa kilomita 11 kwa siku: dukani na kurudi. Injini ya namna hiyo huzimwa kabla oili haijapata moto vizuri, na uchafu hujikusanya. Raba nazo hazihesabu kilomita, zinahesabu miaka. Bushi, mipira ya rejeta, mikanda na tairi vyote vimezeeka vikiwa vimeegeshwa. Mimi nikipewa kuchagua kati ya 90,000 zenye karatasi na 40,000 zenye maneno, nachukua 90,000 bila kufikiri mara mbili.

1. Toyota Corolla Fielder, cc 1500 ya petroli

Jibu halisisimui, najua. Lakini nenda Gerezani au Ilala ukaulize bushi, plagi, taa ya nyuma au kioo cha pembeni cha Fielder uone utapewa bei ngapi tofauti ndani ya dakika tano. Injini ya 1NZ-FE haihitaji kutambulishwa kwa fundi yeyote. Ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye Probox na magari mengine ya Toyota yaliyojaa mtaani, na inatumia cheni badala ya mkanda. Umbo la 2006 hadi 2012 ndilo lililojaa sokoni. Lililofuata, la kuanzia 2012, ni jepesi kidogo na limekaa vizuri zaidi ndani. Safari ndefu, mzigo wa kawaida, lita moja inakupa kama kilomita 14 au 15.

Ugonjwa wake uko kwenye giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, na mara nyingi tunauleta wenyewe. Fundi anamwaga oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyo dukani, mwenye gari anashukuru kwa bei nafuu, miezi michache baadaye gari linavuta kama limefungwa kamba. CVT inataka oili yake. Ukijaribu gari, fika asubuhi na uombe wasiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti: likiwa na moto, wameshalichangamsha ili usisikie kelele za baridi. Liendeshe taratibu kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa usikilize kama linashtuka, kisha lirudishe rivasi kwenye kilima.

Fielder ya haiburidi (petroli na mota ya umeme), ya kuanzia 2013, inabana mafuta sana mjini. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa. Tundu la hewa likizibwa na mabegi, au likijaa vumbi la kwetu, betri inachemka. Nunua kama una fundi anayeijua kweli, si anayejifunzia kwako.

Kasoro nyingine: iko chini. Watu wengi wakipakia, kila tuta linagusa. Ndiyo maana nyingi zimeinuliwa kwa spesa. Chungulia chini uone zimewekwaje, maana nyingine zimechongwa vichochoroni.

2. Subaru Legacy

Mashabiki watanikasirikia kuiweka ya pili, na wasio mashabiki watanikasirikia kuiweka juu hivyo. Ukweli ni kwamba hakuna gari kwenye orodha hii linaloshika barabara kama Legacy. Barabara ya Same hadi Mwanga upepo wa ubavuni ukipiga, au mvua ya masika ikikukuta Mombo, magurudumu yote manne yanasukuma na watoto wanaendelea kulala. Buti ni kubwa, viti ni vya heshima.

Bili nayo ni ya heshima. Injini za zamani za EJ zinatumia mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000, na hapo ndipo kilomita chache zinapokuponza: gari la 2008 linasoma 60,000, mwenye nalo anasema mkanda bado, kumbe una umri wa mtoto wa sekondari. Ukinunua, badilisha mkanda na pampu ya maji kwa pamoja, wiki hiyo hiyo. EJ25 ina historia ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Fungua chupa ya maji ya rejeta injini ikiwa inanguruma: mapovu yasiyokoma ni kwaheri. Afadhali utafute ya kuanzia katikati ya 2012 yenye injini ya FB25, ambayo ni ya cheni. Kumbuka tu 2500 ikipita bandarini inalipa ushuru wa bidhaa mkubwa kuliko 1500.

3. Honda Fit Shuttle

Hii ilinishangaza. Tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sakafu ya nyuma imeshuka na buti inameza vitu usivyotarajia. Tulijaribu baiskeli ya mtoto bila kuikunja. Ilitengenezwa 2011 hadi 2015. Ningeipa nafasi ya pili kama vipuri vyake vingepatikana nje ya Dar kwa urahisi. Ukikwama Korogwe na Fielder, kijana wa bodaboda anakuletea kipuri. Ukikwama na Shuttle, unapiga simu Kariakoo na kusubiri basi.

4. Toyota Probox na Succeed

Punda wa Afrika Mashariki. Kenya vijijini ni usafiri wa abiria, na ukiona walivyojazana ndani utaacha kuuliza maswali kuhusu uimara. Lakini Probox nyingi zilisajiliwa Japani kama gari la mizigo, na kiti cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kukaa dakika kumi. Baada ya mwendo wa saa nane kuelekea Moshi, bibi alishuka kukagua mgongo wake. Ilikuwa ya shemeji, tuliazima. Halafu kilomita chache kwenye Probox zinatia shaka kuliko kwingine, kwani yalikuwa magari ya kampuni, yanazunguka kutwa. Kwa biashara na familia kwa pamoja, ipandishe hadi namba 2.

5. Nissan Wingroad

Bei ni tamu, na ukiiuza utajua kwa nini.

Mazda Atenza wagoni ya dizeli sikuipa namba kabisa. Ni gari zuri mno, ila kichujio chake cha masizi kinataka mwendo mrefu wa kasi ili kijisafishe, na sisi ni watu wa Mbagala hadi Posta kwa gia ya kwanza.

Ushuru

Gari la kutoka Japani, Tanzania hulipa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na VAT 18%. Lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu 15%; likizidi 10, 30%. Kwa hiyo gari la miaka 7 lenye bei kubwa kidogo Japani linaweza kufika mikononi mwako likiwa nafuu kuliko la miaka 11. Ingiza namba kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kumtumia mtu hata shilingi, na ukumbuke viwango huweza kubadilika kila Julai mosi. Wenzetu Kenya hawana hesabu hiyo: lililozidi miaka 8 haliingii.

Sisi tulichukua Fielder ya 1500, kilomita 87,000, yenye karatasi zote. Siku ya kwanza tukabadilisha oili ya injini na ya CVT, tairi nne na bushi za mbele, pesa tuliyokuwa tumeitenga kabla ya kuanza kutafuta gari. Kitu kimoja nilisahau kukagua pale yadi, wewe usisahau: inua zulia la buti uone kama tairi la spea lipo. Letu halikuwepo.