Taste, "I'll Remember": uzoefu wangu na kasha la CD nne

Kwa miaka mingi nilimfahamu Rory Gallagher kama wengi wanavyomfahamu: mpiga gitaa aliyekulia Cork, mwenye shati la drafti na gitaa la umeme aina ya Stratocaster lililobabuka rangi, anayepanda jukwaani kwa jina lake mwenyewe. Kwamba kabla ya hapo aliwahi kuwa na bendi ya watu watatu iitwayo Taste nilikuwa nikisikia tu, kwani baada ya bendi hiyo kuvunjika mwishoni mwa mwaka 1970, yeye mwenyewe aliziweka kando nyimbo za Taste na hakupenda kuzirudia. Ndiyo sababu nilinunua kasha hili lililotolewa mwaka 2015. Lilinifikia likiwa limebonyea pembe moja kwa uzembe wa msafirishaji, ila CD zote nne zilikuwa salama.

Nilianza na CD ya nne, kwa kuwa humo ndimo zilimo rekodi za majaribio zilizofanywa Belfast mwaka 1967, na nilitaka kusikia bendi ilipokuwa bado changa. Gallagher alikuwa ametokea kwenye bendi za kumbi za dansi za Ayalandi, zile zilizovaa sare na kupiga kopi za nyimbo zinazovuma ili watu wacheze. Yeyote aliyewahi kupiga katika bendi ya hoteli anaijua kazi hiyo na anajua inavyomchosha mtu mwenye nyimbo zake kichwani. Mwaka 1966 alianzisha Taste mjini Cork akiwa na Eric Kitteringham kwenye gitaa la besi na Norman Damery kwenye drams, kisha wakahamia Belfast na kupata nafasi ya kupiga Maritime Hotel, mahali pale pale walipopatia jina Them, bendi iliyomtoa mwimbaji Van Morrison. Kama historia, rekodi hizi zina thamani kubwa. Kama muziki wa kusikiliza jioni, sauti yake ni nyembamba mno, nami nimezirudia mara mbili tu.

CD ya kwanza ni albamu ya mwaka 1969, na hapa bendi ni nyingine kabisa. Mwaka uliotangulia walihamia London, Kitteringham na Damery wakaondoka, na nafasi zao zikachukuliwa na Richard McCracken na John Wilson, ambaye aliwahi kupiga drams katika hiyo hiyo Them. Sauti ni kavu, kana kwamba watatu hao wamesimama mbele yako chumbani. "Blister on the Moon" inafungua kwa nguvu, "Catfish" inavuta hadi kupita dakika nane bila kunichosha, na "Hail" inamwacha Gallagher peke yake na gitaa lake, akiimba noti zile zile ambazo vidole vyake vinazipiga.

Hata hivyo, aliyenunua kasha hili kwa ajili ya CD ya pili peke yake hatakuwa amepoteza fedha. Hiyo ni "On the Boards" ya mwaka 1970, albamu iliyofika nafasi ya 18 katika chati ya Uingereza, na ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu bendi hii. Nilikuwa nimedhani kwamba Taste ni Gallagher na wasindikizaji wawili. Sikiliza "It Happened Before, It'll Happen Again" uone: wimbo unaanza kama bluzi ya kawaida, halafu Wilson anauvuta kuelekea jazi, McCracken anatembea na besi bila kumsubiri mtu, na Gallagher anaingia na saksafoni, chombo alichojifunza mwenyewe, kana kwamba amepigiwa mlango akaufungua. Katika bendi zake za baadaye, ambazo nazipenda sana, sijamsikia akisukumwa namna hiyo na wenzake. Wimbo uliobeba jina la albamu unakwenda taratibu, nayo saksafoni inausindikiza kwa huzuni isiyo na makelele.

Malalamiko yangu ni kuhusu nyongeza. CD hizo mbili zimejazwa matoleo mengine ya nyimbo zile zile, na isipokuwa wewe ni mpiga chombo unayetaka kulinganisha solo moja na nyingine, yanachosha upesi. Ningependelea albamu ziachwe ziishie pale zilipoishia.

CD ya tatu ina onyesho la Stockholm la mwaka 1970, na humo unaelewa ni kwa nini bendi hii iliaminiwa kufungua onyesho la kuagana la Cream, bendi ya roki ya Uingereza, pale ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London mwezi Novemba 1968, kisha kuzunguka Marekani na bendi ya Blind Faith mwaka 1969. Wanapiga kwa kasi, wanasikilizana, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba katika mwaka huo wa 1970 ugomvi juu ya usimamizi na fedha ulikuwa umewatenganisha kiasi kwamba, walipopanda jukwaa la tamasha la kisiwa cha Wight, Uingereza, mwezi Agosti na umati ukawaita tena na tena, nje ya jukwaa walikuwa hawaelewani. Onyesho hilo halimo katika kasha; filamu yake ilitolewa peke yake mwaka huo huo wa 2015, na nashauri inunuliwe pamoja na kasha hili, hasa kwa ajili ya kumwona Wilson akifanya kazi.

Kama tayari unazo albamu mbili za studio, tafuta CD ya tatu kwa rafiki kwanza kabla ya kutoa fedha. Kama huna hata moja, lichukue kasha zima. Langu linakaa rafuni likiwa na CD tatu, kwa sababu ya pili haijatoka ndani ya redio.