Uzoefu wangu wa kutumia tambi za mbao katika mishumaa ya glasi

Kabla ya kujaribu tambi za mbao nilikuwa nikitengeneza mishumaa ya glasi kwa utambi wa pamba. Nilipoagiza mtandaoni pakiti ya tambi za mbao za mcheri pamoja na vibanio vyake vya bati, vinavyoushikilia utambi wima chini ya glasi, nilitaka kujua jambo moja tu: je, utambi wa namna hii utawaka hadi chini ya glasi katika nyumba ya Dar es Salaam, ambamo madirisha hushinda wazi na pangaboi halizimwi? Nimeutumia kwa nta ya soya na kwa nta ya nyuki, na jibu langu ni kwamba utawaka, mradi upana wake ulingane na glasi na urefu wake usimamiwe kila siku.

Tambi zenyewe zimenifurahisha. Ni vipande vya mbao vyenye upana wa milimita 13 na unene usiofika milimita 1, vimekatwa sawasawa na havina nyuzi zinazochomoza. Kasoro iko kwenye vibanio. Baadhi vilikuja vimelegea kiasi kwamba utambi uliegemea upande mara tu nta ilipomiminwa, ikanilazimu kuvibana kwa koleo kabla ya kuvigandisha chini ya glasi. Muuzaji pia hakuweka maelezo yoyote kuhusu upana unaofaa glasi ya kipenyo fulani, na hilo ndilo mnunuzi analolihitaji kuliko yote. Katika glasi yenye kipenyo cha sentimita 7, utambi huu uliyeyusha nta hadi ukingoni bila taabu. Katika glasi ya sentimita 10, utambi uleule ulichimba shimo katikati na kuacha ukuta mnene wa nta pembeni, mpaka mwali ukazama humo na kuzimika.

Kuhusu urefu, wengi huuacha utambi mrefu wakitumaini kupata mwali mkubwa, lakini kwa mbao mambo huenda kinyume. Nta iliyoyeyuka hupanda kupitia vitundu vidogo vya mbao. Ikiwa sehemu iliyochomoza ni ndefu, nta haifiki kwenye ncha, mbao yenyewe huungua, na moto hufa. Mimi huacha milimita 3 hadi 5 tu. Kabla ya kuwasha tena, husubiri nta igande kabisa, kisha huondoa mkaa wote wa juu kwa kikata kucha, ambacho huingia ndani ya glasi vizuri kuliko mkasi. Huinamisha glasi kidogo, nikawasha kona moja, na kuuacha mwali utembee wenyewe hadi kona ya pili. Mara ya kwanza kabisa siuzimi mpaka nta ya juu iwe imeyeyuka yote hadi ukingoni, lakini sipitishi saa 4 kwa mfululizo.

Kwa nta ya soya hupima gramu 200, huiyeyusha katika sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, na ikifika takribani nyuzi 85 za Selsiasi huongeza gramu 16 za mafuta ya manukato, yaani asilimia 8, nikikoroga polepole. Huimimina ikishapoa hadi karibu nyuzi 60, kisha huuacha mshumaa wiki mbili kabla ya kuuwasha, kwa sababu harufu hutulia na kukolea katika muda huo. Joto la pwani huifanya soya itoe matone madogo ya mafuta juu yake, ambayo huyafuta kwa karatasi laini.

Nta ya nyuki kutoka Tabora ni suala jingine. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ni nzito, na ikiwa peke yake mbao huinyonya kwa shida, hivyo mwali hubaki mdogo mno. Nilipochanganya na mafuta ya nazi kiasi cha robo ya uzito wote, mwali ulisimama imara, na ile harufu ya asali ilinitosha hata sikuongeza manukato.

Mlio wa mbao kupasuka, ambao ndio hasa unaotangazwa na wauzaji, ni mdogo na wa kupendeza, lakini pangaboi likizunguka huusikii, na upepo wake huutikisa mwali. Mshumaa wangu sasa unakaa kwenye rafu ya pembeni, mbali na dirisha. Aidha, mwali wake ni mpana na mfupi, kwa hiyo anayetafuta mwanga wa kusomea umeme unapokatika atahudumiwa vyema zaidi na utambi wa pamba.

Tambi nitaagiza tena, zikiwemo za milimita 19 kwa ajili ya glasi pana. Vibanio nitavitafuta kwa muuzaji mwingine.