Gofu ya diski kwenye mteremko wa Menengai: nendeni, ila ikataeni ile nyekundu

Nimeucheza uwanja huu Jumamosi mbili mfululizo, na naandika sasa kabla sijauzoea nikaanza kuutetea. Uko ndani ya shamba la mtu binafsi, kaskazini mwa Nakuru, pale mlima wa Menengai unapoanza kupanda na nyumba za Milimani zinabaki chini yako. Mashimo ni tisa. Wachezaji wenyewe husema mashimo, lakini shimo hulioni: kuna mlingoti wa chuma wenye kikapu, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Unarusha diski, kidude bapa cha plastiki cha mviringo, kutoka kwenye kijukwaa cha zege, unaifuata ilikoangukia, unarusha tena kutoka hapohapo, hadi ilie kwenye minyororo na kudondoka ndani. Kiwango cha kila shimo ni mirusho mitatu. La kwanza nililimaliza kwa saba.

Kiingilio ni shilingi 500 kwa siku nzima, na kuazima diski tatu ni 200. Unaacha na amana ya 1,500, ambayo nitairudia maana ndiyo iliyoniuma. Boda kutoka mjini walinitoza 150, na dereva alinishusha langoni akiniuliza kama nimekuja kununua maziwa.

Kibandani wanakokodisha ndipo palipoharibikia. Kijana alinitazama mabega, akaridhika, akanipa diski nyekundu yenye ukingo mwembamba kama kisu. "Mkubwa, chukua hii, ndiyo inaenda mbali." Mgeni gani atakataa kitu kinachoenda mbali? Diski hizi huwa na namba nne juu yake. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea, ya tatu ni inavyotaka kupinda kulia ikiwa bado ina mbio, na ya nne ni inavyorudi kushoto ikichoka, kwa mtu wa mkono wa kulia anayeivuta kutoka kifuani. Nyekundu yangu ilianza na 12. Maana yake ni kwamba inahitaji mkono wa mtu aliyerusha miaka. Usipoipa mbio hizo haielei kabisa, inakunja kushoto mapema na kujitupa chini. Na kushoto kwa shimo la kwanza ni safu ya mikaratusi, imesimama kama askari gwaride.

Nilikuwa na shemeji yangu kutoka Kisumu. Kule huwa tunarushiana diski kwenye kiwanja cha shule, tambarare hadi uchoke, na yeye alikuja na yake ya nyumbani anayoijua kama kiatu chake. Akairusha. Ikadondoka kushoto, mita kumi kabla ya pale alipozoea. Akaiokota akaikagua kana kwamba kuna mtu ameibadilisha usiku. Nikamwambia, "Shemeji, hapa si Kisumu." Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Nakuru uko karibu 1,850, kabla hata hujaanza kupanda Menengai. Hewa ya juu ni nyepesi, haiibebi diski vizuri, kwa hiyo hugeuka kushoto mapema kuliko ulivyozoea. Hiyo ndiyo fizikia. Shemeji aliipokea kwa furaha mno, akaitumia kama kisingizio hadi shimo la tisa, hata alipogonga mti uliokuwa hatua nne mbele yake.

Shimo la nne peke yake linatosha kulipia safari. Unarusha kupanda mlima, mita kama 70 tu, kupitia uchochoro uliokatwa katikati ya vichaka vya leleshwa. Ukigusa jani tu unanusa ule ukali wa kafuri. Kurusha kupanda kuna hila yake: macho yanatazama juu, mkono unafuata macho, pua ya diski inainuka, na diski ikiinua pua husimama hewani, ikakata tamaa na kuteleza kushoto. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne nikainama, nikaurusha mkono sambamba na ardhi ya mlima wenyewe kana kwamba nafagia, na kile kidubwana kikapanda uchochoro wote bila kugusa jani. Nilipiga kelele peke yangu. Shemeji alikuwa bado vichakani akitafuta yake.

Sita ni kinyume chake. Unateremka, unaliona Ziwa Nakuru kwa mbali linang'aa, na mkono wenyewe unatamani kutupa kwa nguvu. Usitupe. Kikapu kimewekwa kwenye bega la mteremko, na diski ikitua kwa ukingo wake inasimama wima na kuanza kubingirika kama gurudumu la mtoto. Yangu ilipita kikapu kwa kama mita mbili, ikasita, halafu ikaenda zake. Nilihesabu hatua 41 kuifuata. Saba na nane ni za kawaida. Tisa inapita karibu mno na njia ya miguu, na hapa nina lalamiko la kweli: watu wa jirani hupita na kuni na maziwa, na hakuna kibao hata kimoja cha kuwaonya. Diski ya gramu 170 ikija kwa urefu wa kichwa si mchezo. Sisi tulikuwa tunapaza sauti kila tukirusha, ila hiyo ilitakiwa kuwa kazi ya wenyewe.

Vumbi nalo. Kuna sababu jina la Nakuru huelezwa kuwa la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ni jembamba kama unga, linajipaka chini ya ukingo ambapo vidole vinashika, likikutana na jasho linakuwa utelezi. Beba kitambaa. Mimi nilitumia shati.

Nyekundu niliipoteza shimo la tano. Kanuni za mchezo zinakupa dakika tatu za kutafuta. Zikiisha unaongeza mrusho mmoja na kurudi ulikorushia. Mimi nilitafuta dakika 20, kwa sababu ya ile 1,500. Tulikutana na mama mmoja anafunga kuni, nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wake. "Sijaiona, mwanangu. Lakini nikiiona nitaiweka." Kibandani hawakutaka hadithi, amana ikabaki kwao. Haki yao, imeandikwa. Ila aliyempa mtu asiyejua kurusha diski ya namba 12 na kumpeleka msituni anajua anachofanya, au basi hajui, na sijaamua lipi ni baya zaidi. Nilimaliza na mirusho 46, na kiwango cha uwanja mzima ni 27.

Jumamosi ya pili nilienda saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, nikaomba diski moja tu, ile nene, butu, ya kumalizia karibu na kikapu. Kasi yake ni 2. Kijana alicheka. Nilicheza nayo mashimo yote tisa, sikuivuta kwa nguvu hata mara moja, ikaenda ilikoelekezwa na kukaa ilikotua. Mirusho 35. Na kuna raha katika ile sauti ya minyororo ambayo sikuielewa nilipokuwa nahangaika na miti. Kikapu hicho kilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick miaka ya 1970. Mwanzoni watu walikuwa wakilenga nguzo tupu, kisha wanabishana kama diski imegusa au haikugusa. Nikimtazama shemeji, naona kabisa kwa nini mtu angeketi chini akabuni kitu cha kumaliza ubishi.

Mengine kwa ufupi: chai ya kibandani ni nzuri, choo ni safi, na ramani ya shimo la tano ni ya zamani, kikapu kimehamishwa nyuma ya mwamba, msiiamini.

Nikitoka siku hiyo ya pili nilimkuta yule mama wa kuni langoni. Alinitambua kabla sijamwamkia.

"Ile sahani yako nyekundu niliipata," akasema. "Ngoja nikuletee, sema tu vifaranga wanaitumia."

Tukaenda hadi kwake, si mbali. Ilikuwa imegeuzwa chali karibu na banda, imejaa maji hadi ukingoni, vifaranga sita wameizunguka, na ule wembamba wa ukingo unawafaa sana, hawaanguki ndani. Akaanza kuimwaga. Nikamwambia, "Iache, mama, nimeshailipia."

"Shilingi ngapi?"

Nilipomwambia, alikaa chini kwenye kigogo akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.