Gramps kwa nasaba za Dodoma: programu ya bure inayokubali jina la baba na wake watatu

Anayetaka kuandika ukoo wake hapa Dodoma huanza na kaunta buku, na hakosei. Kasoro hujitokeza kwenye ukurasa wa kumi, pale babu mmoja anapokuwa na wake watatu na watoto kumi na wanne, wawili kati yao wamezaliwa baada ya mjane kurithiwa na mdogo wa marehemu. Mishale inapishana, karatasi inajaa, na jina Ndahani limeshatokea mara nne kwa watu wanne tofauti.

Gramps ni programu ya kutunza nasaba kwenye kompyuta. Ni ya bure kabisa, haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac bila intaneti. Ilianzishwa mwaka 2001 na Don Allingham, na tangu hapo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Kwa familia za Wagogo, Warangi, Wakaguru na majirani zao, hatujaona programu nyingine ya bure inayostahili muda wako zaidi ya hii. Lakini ukiifungua na kuanza kujaza kama ilivyokuja, itakuharibia majina ndani ya nusu saa ya kwanza.

Sababu ni hii. Gramps hudhani mtoto anachukua jina la ukoo la baba yake. Ukiwa umemwandika Ndahani Matonya, ukafungua familia yake na kuongeza mtoto, sehemu ya jina la mwisho itajijaza yenyewe: Matonya. Kwa desturi yetu huyo mtoto ni Yohana Ndahani, maana jina la pili ni jina la baba. Usipogundua, baada ya vizazi vitatu kila mtu kwenye mti anaitwa Matonya, na aliyekuwa mwana wa nani haijulikani tena kwa kusoma jina. Nenda kwenye mapendeleo ya programu, tafuta kipengele cha kukisia majina ya ukoo, uchague kisikisie chochote. Kisha kwenye jina la kila mtu, andika jina la baba kama jina la mwisho na asili yake uiweke "Patronymic". Kuna pia kisanduku cha kuamua kama jina la baba likiwa peke yake lihesabiwe kuwa jina la ukoo. Kitie alama, vinginevyo orodha yako yote itarundikana chini ya kichwa kisicho na jina.

Ukoo wenyewe, ule ambao Mgogo huuita mbeyu, usiuweke kwenye jina. Uweke kwenye sifa za mtu. Gramps inakuruhusu kuandika aina ya sifa unayotaka wewe: andika "Ukoo" mara moja, na kuanzia hapo itakuwa kwenye orodha ya kuchagua. Ongeza na "Mwiko" kwa zile koo zenye mnyama au kitu wasichokila. Faida yake inaonekana zaidi kwenye familia zilizochanganyika upande wa Mpwapwa na Kongwa. Mgogo anafuata ukoo wa baba, Mkaguru anafuata ukoo wa mama. Ukitumia jina la mwisho kama ukoo, nusu ya familia hiyo itakuwa imeandikwa uongo. Ukitumia sifa, kila mtu anabeba ukoo wake halisi, na unaweza kumwambia Gramps akuonyeshe wote wa mbeyu fulani hata kama majina yao hayafanani hata kidogo.

Wake zaidi ya mmoja hawaisumbui. Kila mke na mume wanapewa rekodi yao ya familia: F0001 kwa mke mkubwa, F0002 kwa wa pili, na kuendelea, mume akiwa yuleyule. Kosa la kawaida ni kumwandika mume upya kwa kila mke, ukajikuta una akina Matonya watatu. Unapofungua familia ya pili, usibonyeze kuongeza mtu mpya upande wa baba. Bonyeza kuchagua aliyekwisha andikwa, kisha angalia namba yake, tuseme I0007, uhakikishe ni yeye. Ukiwaandika wake bila mpangilio, kuna amri ya kupanga upya familia ili mke mkubwa akae juu.

Watoto wa mjane aliyerithiwa ni mahali ambapo programu nyingi hushindwa, na hapa Gramps inastahili sifa. Ndani ya familia, kila mtoto ana sehemu mbili: uhusiano wake na mama, na uhusiano wake na baba, kila moja ikijazwa kivyake. Kama familia inamhesabu mtoto kuwa wa marehemu, mweke kwenye familia ya marehemu, uhusiano na mama uwe wa kuzaliwa, na ule wa baba uandike kwa neno lako mwenyewe, kwa mfano "kwa jina la marehemu". Mtoto huyohuyo anaweza kuwekwa pia kwenye familia ya baba mdogo aliyemzaa. Kabla hujaandika hivyo, waulize wazee wanavyomhesabu. Hilo si la kuamuliwa na anayechapa.

Mahari nayo ina nafasi yake. Itengenezee tukio la aina mpya kwenye rekodi ya familia, uandike idadi ya ng'ombe na mbuzi kwenye maelezo. Mshenga, na mjomba aliyepokea mgao wake, waunganishe na tukio hilohilo kwa kuwapa wajibu. Neno "Mshenga" utaliandika mwenyewe. Baadaye ukifungua rekodi ya huyo mjomba, utaona ndoa zote alizohusika nazo.

Sasa tarehe, maana hapa ndipo subira inapojaribiwa. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho kikisema 1 Januari mara nyingi ni makadirio ya siku ya kuandikishwa. Gramps inapokea tarehe za kukadiria vizuri sana, ila menyu zikiwa za Kiingereza lazima uandike kwa maneno ya Kiingereza: "about 1938", "before 1961", "between 1917 and 1920". Ukiandika "kabla ya 1961" haitakataa, lakini itaihifadhi kama maneno matupu, na mtu huyo hatapangwa kwenye mfuatano wowote. Vilevile usiandike 05/08/1962, kwa sababu mwezi na siku vinaweza kubadilishana. Andika 5 Aug 1962.

Chukua mfano wa kauli inayosikika sana vijijini: "Baba alikuwa anachunga mbuzi wakati wa Mtunya." Mtunya ni njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Mtoto wa kuchunga mbuzi tumhesabie miaka 6 hadi 10. Aliyekuwa na 10 mwaka 1917 alizaliwa 1907, na aliyekuwa na 6 mwaka 1920 alizaliwa 1914. Basi andika "between 1907 and 1914", weka alama kwamba ni makadirio, na kwenye maelezo nakili maneno ya mzee kama alivyoyatamka pamoja na hesabu yako. Atakayekuja kukusahihisha aone ulipopita. Vigingi vingine vya namna hiyo ni reli kufika Dodoma mwaka 1910, mradi wa karanga wa Kongwa wa 1947 hadi 1951, uhuru wa 1961, na kuhamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mradi ule wa vijiji ndio unaofanya sehemu ya maeneo kwenye Gramps iwe ya thamani. Eneo moja linaweza kuwa na majina kadhaa, na kuwa chini ya maeneo tofauti kwa vipindi tofauti. Kitongoji unakiweka chini ya kijiji, kijiji chini ya kata, kata chini ya wilaya, na wilaya chini ya mkoa. Kijiji cha Chamwino cha leo kilikuwa chini ya wilaya nyingine kabla Chamwino haijawa wilaya, na wakati wa mkoloni Mwingereza huku kote kulikuwa Jimbo la Kati. Ukijaza vipindi hivyo mara moja, tukio la 1950 litasomeka kwa jina la utawala wa wakati ule, na la 2015 kwa jina la sasa.

Mahame yaandike kama eneo linalojitegemea, usiyachanganye na kijiji watu walikohamia. Nenda na simu, simama penye mbuyu au mawe ya tembe la zamani, soma namba za ramani na uzinakili. Usisahau alama ya kutoa kwenye namba ya kwanza. Dodoma mjini ni kama -6.17, 35.74. Ukiacha ile alama, tembe la babu litahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Kwa upande wa ushahidi, Gramps ni kali kwa namna inayofaa. Kila habari inaweza kufungwa na chanzo chake, na kila nukuu ina daraja la kuaminika kuanzia chini sana hadi juu sana. Mzee mmoja ni chanzo kimoja. Daftari la ubatizo la parokia ni chanzo kingine, na hapo andika namba ya ukurasa na ya mstari. Wazee wawili wakitofautiana kuhusu mama wa mtu, usifute kauli ya mmoja. Weka zote mbili, kila moja na chanzo chake. Sauti uliyorekodi kwa simu inaweza kuunganishwa pia, sawasawa na picha.

Na picha ndizo zinazowaliza watu. Gramps haihamishi picha kuiweka ndani yake. Inakumbuka tu ilipo. Ukiunganisha picha iliyo kwenye flashi, ukaichomoa au kompyuta ikaipa herufi nyingine kesho yake, picha zote zitageuka visanduku vitupu. Dawa ni kutengeneza folda moja kwenye kompyuta kabla hujaanza, kuitaja kwenye mapendeleo kama folda kuu ya picha, na kunakili kila kitu humo ndipo uunganishe. Faili zipe majina yanayoanza na namba ya mtu, mfano I0007_kipaimara.

Umeme ukikatika hasara ni ndogo. Hakuna kitufe cha kuhifadhi, kila dirisha ukilikubali linaandikwa papo hapo, kwa hiyo unapoteza lile moja tu lililokuwa wazi. Hata hivyo washa nakala rudufu ya kila unapofunga programu, na kila mwisho wa mwezi tengeneza ile inayobeba na picha, faili yenye mwisho wa .gpkg, umkabidhi ndugu wa mji mwingine. Wawili mkitumia mti mmoja, hakikisheni toleo la programu ni lilelile. Mti uliofunguliwa na toleo jipya haurudi kwenye la zamani.

Upungufu upo, na kwa wengine ni mkubwa. Hakuna Gramps ya kusakinisha kwenye simu ya Android, na simu ndiyo kompyuta ya watu wengi hapa. Lipo toleo la kutumia kupitia kivinjari, lakini linahitaji mtu wa kuliwekea seva. Kikokotoo chake cha undugu hakijui baba mkubwa, baba mdogo, shangazi wala mjomba. Kwake hao ni aina mbili tu, wa kiume na wa kike, na hilo kwa Kiswahili halitoshi. Faili ya GEDCOM inayotumika kuhamisha mti kwenda programu nyingine itakuangushia njiani vipindi vya maeneo na baadhi ya ule wajibu uliobuni, kama wa mshenga. Kwa hiyo faili ya kutunza ni ya Gramps yenyewe, na GEDCOM iwe ya kugawa. Unapogawa, chagua kuacha nje rekodi ulizozifanya za siri kwa alama ya kufuli, na taarifa za walio hai zifichwe. Hasa usipeleke mti mzima kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba, bila kukaa na familia. Pale mti wa marehemu ni mmoja kwa dunia nzima, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuubadilisha.

Kwa wazee peleka karatasi. Toa chati ya uzao wa babu mmoja kama PDF, vizazi vitatu visizidi. Ukiweka vitano kwenye A4 herufi zitakuwa ndogo kuliko za kwenye kiboksi cha dawa. Steshenari nyingi za mjini hutoa A3, na zikikosa, Gramps hugawanya chati kwenye kurasa kadhaa za A4 unazounganisha kwa gundi. Acha nafasi tupu chini ya kila mke, beba penseli mbili, na jina litakalosahihishwa lisomwe kwa sauti mbele ya wote kabla hujalirudisha kwenye kompyuta.