Waini ya pipa ya Hombolo, siyo ile ya sendofu

Jamani juzi nimeionja ile waini nyekundu iliyolala mwaka mzima kwenye pipa la mwaloni, ya jamaa flani wanaosindika wenyewe huko Hombolo, Dodoma, chupa sh 25,000. Mi nimezoea zile za sukari za kwenye sendofu nikajua nayo tamu tamu tu, wapi! Ukinusa unapata zambarau zilizoiva, kamoshi kwa mbali na harufu ya vanila, hiyo inatoka kwenye mti wa pipa wala siyo kwamba wameweka kitu, halafu ukimeza ulimi unakauka kama umetafuna maganda ya zabibu. Nikaiacha kwenye glasi kama dakika 20 hivi, ikatulia kabisa, na mbavu za mbuzi zenye mafuta ndo ikakubali.

Ila waliniletea ya moto, na jua la Dodoma la saa nane mnalijua, ikabidi niombe iingie friji kwanza. Na lebo haina mwezi wa mavuno wakati huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, sasa ntajuaje nakunywa ya msimu gani? Nusu chupa nimeficha nyuma ya unga, shemeji akija asiione.