Kijiwe cha bao Ujiji: kahawa ya kawaida, bao la ukweli (nyota 4 kati ya 5)

Wadau wa bao mliopo Kigoma, na nyie mnaokujaga huku kikazi alafu mnauliza wapi mtu anaweza kukaa akacheza bao la maana, hii ni yenu. Kijiwe kipo Ujiji, ukiwa unashuka kwenda makumbusho ya Livingstone utaona mwembe mkubwa na banda la bati limeegemea ukuta, hakina kibao wala jina, we uliza kwa mzee wa kahawa utaonyeshwa.

Nakiandika kwa sababu vingine vimekwisha. Kile cha Mwanga tulichokuwa tunakijaza kila Jumapili mwenye kiwanja kapiga flemu, sasa hivi pale palipokuwa na mwembe kuna kibanda cha miamala na sehemu ya kubeti. Kingine cha karibu na soko mti ulikatwa wakati wa kupanua barabara, wazee wakahamia kwenye kibaraza cha duka wiki chache wakafukuzwa na mwenye duka eti wanaziba wateja. Wengine wameshatangulia mbele ya haki, waliobaki wanachezea nyumbani na wajukuu, na mjukuu akishajua kutakata tu, yani kusambaza kete bila kula, anachoka anarudi kwenye simu yake. Kwahiyo wote tumebanana hapa, wa Mwanga, wa Gungu, mpaka wa Kibirizi wanapanda bodaboda kuja.

Sasa bao lenyewe. Yapo mawili. Kubwa ni la mninga, zito hilo balaa, mashimo yake 32 yamesuguliwa na vidole vya watu miaka na miaka mpaka yanang'aa, na zile nyumba mbili, yani shimo la kila mchezaji lenye sheria zake, zimechongwa pembe nne kama inavyotakiwa. Kete ni mbegu za komwe zenyewe, 64 kamili, mzee wa kahawa anazihesabu kila jioni kabla hajafunga na moja ikipungua hamuondoki. Lile dogo liepuke, lina ufa, na kete wamechanganya komwe na vijiwe vya ziwani, ukichota mkono mmoja unatoka na nne badala ya tano ugomvi unaanza.

Linachezwa bao la kiswahili kamili: sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi, mnanamua, yani mnaingiza moja moja, mpaka ziishe ndio mnaenda mtaji, yani mnacheza na zilizopo ubaoni tu. Ukija na bao la kujifunza watakucheka kidogo alafu watakuhamishia kwa watoto, ila wanafundisha kweli kweli. Alikuja jamaa amezoea igisoro ya Rwanda, mashimo ni hayo hayo 32 ila kule nyumba hamna, basi yeye kila ikifika zamu anaishika nyumba yake kama shimo lolote. Wazee wakamwambia mwanangu tulia, wakakaa nae mpaka adhana ya magharibi.

Mechi niliyoipenda ni ya mzee mmoja wa Kimanyema na kijana wa bodaboda. Dogo nyumba yake imenona, kumi na tatu hivi, anasubiri tu muda wa kusafiri, yani kuzichota zote azisambaze, na mdomo juu. Mzee haongei. Kashika kete moja kwa vidole viwili anaigeuza geuza, sisi watazamaji tunapiga kelele kila mtu na ushauri wake, hasikii. Akaidondosha kwenye shimo linalotazamana na ile nyumba, akazoa zote, akaanzia kichwa cha kushoto, lile shimo la mwisho la safu yake ya mbele, zikazunguka nyuma zikarudi mbele akala tena, akala tena, mkono haujapumzika, na alipokuja kulala, yani kuishia shimo tupu, safu ya mbele ya dogo ilikuwa nyeupe. Kamfunga mkononi, kabla hata ya mtaji! Na mzee bado ana kete hajaziingiza. Dogo anasema "babu umenivunjia nyumba jamani", mzee akamjibu "we si ulikuwa unaitazama tu", akasogeza kikombe ajaziwe. Aliyefungwa analipia kahawa, ndio utaratibu, hela nyingine haiwekwi pale hata ubembeleze.

Kahawa sitawadanganya, ni ya kawaida. Buni inatoka Kalinzi, yani kahawa nzuri kabisa, ila mzee anaiunguza, unasikia mkaa mdomoni. Kashata za karanga ndio zinaokoa. Kikombe mia mbili.

Kinachoniudhi ni hiki. Watalii wanapita hapo hapo mbele yetu kwenda kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone 1871, na mwembe wenyewe ulishakufa zamani, wanaonyeshwa miembe iliyotokana nao, imezungushiwa na inatunzwa. Sawa, itunzwe. Ila huu wetu ulio hai, wenye watu chini yake kila siku ya Mungu, upo kwenye kiwanja cha urithi, ndugu wanagawana na fundi ameshakuja kupima. Mzee wa kahawa anasema akiambiwa ahame atahama, ahamie wapi hasemi.

Kuna waliosema twendeni baa. Tulijaribu, muziki juu, mwenye baa anataka kila aliyekaa aagize, na nusu ya wazee wetu hawaingii baa. Wengine wanasema kuna bao la kwenye simu, nimelicheza, sheria linazijua vizuri tu, ila nani atakuzomea ukikosea kunamua? Bila watazamaji wa kukuvuruga akili mi naona nusu ya mchezo haipo.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya kahawa na benchi, lile la upande wa ukutani limelegea mguu. Na kina dada, hawakatazwi ila hawakaribishwi pia, alikuja binti mwanafunzi akawafunga wawili mfululizo, wa tatu akasingizia anaenda kuswali na saa ya swala ilikuwa bado.

Nenda kuanzia saa kumi jioni, Jumapili wahi zaidi. Choo hakuna, watu wanaenda msikitini. Ukikuta la mninga lina watu usikubali kusukumiwa lile dogo, subiri zamu yako na uagize kashata.