Rili tatu, siku sita na mchanga wa Ushongo

Rili ya kwanza, yaani kile kifaa cha kuviringishia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, ilianza kulia siku ya pili. Ukizungusha mkono wake unasikia krr, krr, kama mtu anayesaga karanga zenye changarawe. Nikapuuza. Ilikuwa bamvua, saa kumi na moja jioni, maji yametoka kujaa, upepo wa kusi unanipiga usoni, na saa kama hiyo nani ana muda wa kukaa chini akague vyuma? Samaki akadonoa mara mbili, akameza, akageuka kurudi zake mkondoni. Hapo ndipo rili inatakiwa imwachie mshipi kidogo kidogo huku inamchosha. Yangu haikuachia hata shubiri. Mshipi ukakatika, fimbo ikanyooka kama mlingoti, nami nikarudi nyuma hatua mbili nikakaa kwenye maji. Watoto waliokuwa wakiokota kaa walicheka mpaka ndoo yao ikamwagika.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Uvuvi wangu wa miaka yote ni wa Bwawa la Mindu: perege, kambale, fimbo fupi, rili ndogo inayoenea kiganjani. Safari hii nilialikwa na shemeji yangu anayeishi Chumbageni, tukapanga siku tatu za Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, na tatu za Tanga mjini. Waja leo waondoka leo, ndivyo wanavyousema mji wao; mimi nilikaa sita na nilitamani ya saba. Rili mbili nilikwenda nazo, ya tatu akaniazima shemeji. Basi haya ni maneno ya mtu aliyezitumia zote tatu kwenye mwambao mmoja, kwa chambo kilekile cha kamba na ngisi tulichonunua soko la samaki la Deep Sea. Na si maneno ya bingwa. Mabingwa hawakalii maji.

Hiyo ya kwanza sitaji jina lake, wala duka nililoinunua. Ni ya bei poa, namba 8000 (namba ndiyo ukubwa wa rili), imepakwa rangi ya dhahabu, na boksi lake limeandikwa mambo mawili kwa herufi kubwa: beringi 13 na breki ya kilo 20. Breki ndiyo inayoamua samaki avute kwa nguvu gani ndipo rili imwachie mshipi. Yote mawili yalinishawishi, na yote mawili hayakunisaidia kitu. Beringi 13 zisizokingwa na maji ni mahali 13 pa kutu kuanzia kazi. Na hizo kilo 20, hebu fikiria: mshipi wangu wa kusukwa unakatika kwenye kilo 13 na ushei. Breki inayobana kuliko uwezo wa mshipi inamsaidia nani? Wavuvi wa fimbo huiweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kwangu kilo 3 hadi 4. Shemeji alinionyesha namna ya kupima: funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, inamisha fimbo, mwenzako avute mizani taratibu, uone breki inaachia kwenye kilo ngapi. Dakika mbili tu. Kinachotafutwa kwenye breki ni ulaini, ianze kuachia bila kushtuka. Yangu usiku wa kuamkia siku ile niliiacha imebanwa na chumvi iko ndani, vile visahani vya breki vikagandana. Kwa nje huoni kitu.

Hapo kosa nusu ni langu. Rili yoyote, ghali au rahisi, ukimaliza kuvua unailegeza breki ndipo unailaza. Kule Mindu sikuwahi kulegeza na sikuwahi kuadhibiwa.

Ya pili ndiyo niliyoinunua kwa kujinyima: Penn Spinfisher VI, namba 6500. Binamu yangu anayefanya kazi Maskati alinibebea alipokuja likizo. Penn ni Wamarekani, walianzia Philadelphia mwaka 1932, na Spinfisher hii ina mwili wa chuma na mihuri ya mpira inayozuia maji kwa kiwango kinachoitwa IPX5. Hapo nisimame kidogo, maana mimi wa kwanza nilisoma herufi hizo nikadhani rili inajua kuogelea. IPX5 maana yake kifaa kinahimili maji yanayorushwa na bomba kutoka upande wowote. Kuzamishwa ni habari nyingine. Hiyo ni IPX7, nusu saa kwenye kina cha mita 1. Kwa anayevua mchangani tofauti inaonekana haraka. Wimbi likikupiga kifuani, hakuna neno. Ukiiangusha kwenye dimbwi ukaenda kunywa dafu, usije ukamlaumu mtu.

Nami niliiangusha siku ya kwanza. Fimbo nilikuwa nimeisimamisha kwenye kipande cha bomba la plastiki nilichokichimbia mchangani, lakini sikuchimba vya kutosha. Wimbi likaja likaung'oa mtambo mzima, nilipoufikia rili ilikuwa imezikwa nusu na maji yanapita juu yake. Moyo ulinishuka. Niliibeba mpaka kivulini, nikaimwagia maji ya kisima kutoka kwenye kidumu, taratibu, kama mtu anayemwagilia miche. Kwanza unaibana breki kidogo ili maji yasipenye, unamwagia, unapangusa, halafu unailegeza ikauke. Usiipige kwa maji ya nguvu hata kama ina mihuri. Unaisukumia chumvi ndani badala ya kuitoa.

Ndani ilikuwa salama, mkono ulizunguka kimya. Ila mchanga hauhitaji kuingia ndani ili ukuharibie siku. Niliuona chini ya bobini, pale mshipi unapoviringwa, nikaivua nikapangusa. Niliuona pia kwenye kile kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupitia unaporudi, pale mwisho wa ule waya uliopinda kama upinde. Hicho ndicho cha kukiangalia. Kikikwama hakizunguki, mshipi unasugua palepale kila unapovuta, na mshipi wa kusukwa ukianza kutoa manyoya huna tena nguvu uliyolipia. Tangu siku hiyo kila nikipumzika nakigusa kwa kidole kuona kama kinazunguka.

Uzito sasa. Dukani Bweni, tukingoja kivuko, niliomba mizani ya sukari: ikiwa na mshipi, ilikaribia robo tatu ya kilo. Mwenye duka aliniuliza kama nauza kwa uzito. Ukiishika mkononi ukiwa umekaa sebuleni huioni kuwa nzito, bali fimbo yangu ni ya mita 3.6, risasi nazorusha, vile vizito vya kuzamishia chambo, ni za gramu 100, na kurusha kwa saa nne mfululizo siku tatu si mchezo. Siku ya tatu bega la kulia lilikuwa linanidai. Namba niliichagua mwenyewe, tena kwa hoja ya kitoto kwamba bahari ni kubwa kuliko bwawa, basi na rili iwe kubwa.

Samaki wenyewe walinikosoa. Maji yakijaa Ushongo, changu na chaa wanayafuata mpaka karibu na nchi kavu, kwenye ule mfereji ulio kati ya ufukwe na fungu la mchanga, wanatafuta kaa na wadudu ambao wimbi limewafukua. Mimi nilikuwa narusha mbali kadiri ya nguvu zangu, napita juu ya vichwa vyao. Shemeji alirusha mita 30 tu na alikuwa na changu wanne kabla sijapata wa kwanza. Na mwambao wa Tanga kwa sehemu kubwa una miamba ya matumbawe nje inayovunja mawimbi; kinachokufikia mchangani si lile wimbi la kukulazimisha ubebe mtambo wa kuvulia papa. Kolekole wakubwa wapo, nilimkamata mmoja wa kama kilo 3 siku ya tatu alfajiri, maji ya saa kumi yakianza kupwa, na hata huyo breki ya kilo 4 ilimtosha. Alikimbia mara tatu, rili ikaachia bila kelele, akaja. Dakika ile nilisahau bega.

Rili ya shemeji ni Shimano Ultegra ya bobini ndefu, namba 14000. Kwa kurusha sijaona kama hiyo. Bobini ikiwa ndefu na imechongoka kuelekea mbele, mshipi unatoka bila kusuguana na ukingo, na risasi inaenda huku unaiangalia mpaka unaipoteza. Nilirusha jioni nzima kwa raha ya kurusha tu, samaki hata sikuwakumbuka. Kama unakwenda mahali ambapo samaki wako mbali na maji ni ya kina kifupi kwa masafa marefu, hiyo ndiyo ya kuitazama. Shemeji mwenyewe hailazi mchangani hata sekunde. Ana kitambaa chake, ana kibegi chake, anaisogeza kama mtoto mchanga. Mimi najijua, nilimrudishia kabla haijaniponyoka.

Tuliporudi mjini siku ya nne, ile ya dhahabu niliipeleka kwa fundi baiskeli Ngamiani. Msicheke. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwa vyuma vidogo vinavyozunguka sijaona fundi anayewazidi. Nilimkuta mzee ameketi katikati ya rimu na spoku, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye begi la shemeji.

"Hiyo imeandikwa Shimano," akasema. "Hao si wa gia za baiskeli?"

Ndio haohao. Shimano walianza Sakai, Japani, mwaka 1921, na kitu chao cha kwanza kilikuwa frihwili ya baiskeli, ile gia ya gurudumu la nyuma inayoshika upande mmoja tu. Vifaa vya uvuvi vilikuja baadaye sana. Hata jina la Ultegra lipo kwenye seti zao za baiskeli za mbio. Mzee alifurahi kama aliyekutana na ndugu, akaipindua pindua, ndipo akakubali kuifungua ile yangu ya dhahabu.

Gia yake kuu ilikuwa ya madini laini, meno yameliwa upande mmoja. Mchanga ulikuwa kila mahali. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaipaka grisi kwa moyo mweupe, kila kona. Mkono ukazunguka kama mpya. Kesho yake, Mwambani (nilitangulia kuuliza ofisi ya uvuvi, kwa kuwa mwambao huu una Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009 na si kila mahali unarusha tu), nikavuta kidogo, mkono ukarudi nyuma wenyewe ukanigonga vidole.

Ndani ya rili kuna beringi moja inayokubali kuzunguka upande mmoja tu, ndiyo inayouzuia mkono usirudi nyuma. Inafanya kazi kwa vijiti vidogo vinavyojibana, na grisi nzito ikivifikia vinateleza. Tone la mafuta mepesi linatosha, au usiiguse kabisa. Nilirudi kwa mzee nikamweleza, akajipiga paji la uso: "Ni frihwili hiyo, mwanangu! Frihwili haipakwi grisi, mafuta ya cherehani tu." Aliifuta, ikashika. Pesa ya pili aliikataa. Rili bado inalia krr, kwa sababu meno yaliyoliwa hayarudi, nami nimempa mtoto wa shemeji ajifunzie kurusha.

Kuhusu mshipi sina mengi, ila mambo mawili yalinigharimu. Mshipi wa kusukwa ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini ya chuma unateleza wote kama pete. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni chini. Na bobini ijae mpaka milimita 2 hivi chini ya ukingo. Ikipungua hurushi mbali, ikizidi mshipi unatoka kwa vishada. Upepo wa kusi nao unaupeperusha mshipi uliolegea, kwa hiyo risasi ikishatua funga ule waya kwa mkono, usitegemee kuzungusha, kisha vuta mshipi ukaze kidogo. Nilipoanza kufanya hivyo mafundo yalikwisha, ingawa nilikuwa nimeshakata na kutupa mshipi wa kutosha kuanikia nguo za mtaa mzima.

Juzi binamu ameandika kutoka Maskati anauliza kama aniletee 8500, kaiona kwa bei nzuri. Nimemwambia hapana. Alete 5500, familia ileile na mihuri ileile, ila nyepesi, na bobini ya akiba kama ipo. Ile 6500 shemeji ameshaniuliza mara mbili kama naiuza.